Gundi ya Nyumbani: Sehemu ya Saba

Mkono wa Fundi Makochi, ule tuliouacha hewani Jumamosi iliyopita, haukufika kwenye shavu la binti yake. Ulidakwa njiani.

Ulidakwa kwa nyuma, kwenye kifundo, na vidole vigumu kama koleo. Fundi alijaribu kuuchomoa, ukagoma. Akageuka na tusi likiwa tayari mdomoni, akakutana uso kwa uso na mtu ambaye kwa miaka mitatu alikuwa akivuka barabara ili asipishane naye.

Mkasi.

Kwa msomaji aliyetukuta njiani: Mkasi alikuwa mkata vitambaa katika karakana ya Fundi Makochi. Aliweza kukata kitambaa cha sofa ya watu watatu kisibaki kipande cha kutosha leso. Fundi alimfukuza hadharani, mbele ya wateja, kwa wizi wa gundi. Tangu siku hiyo jina la mwizi lilimfuata kama mkia.

"Mpigie kwako," Mkasi alisema. "Hapa ni ofisini kwa watu."

Fundi alimwuliza ni nani aliyemwalika, tena akiwa na uso gani. Kisha, kwa kuwa watu waliokaa kwenye benchi la ukumbini walikuwa wakisikiliza, akaongeza sauti.

"Nasikia siku hizi unawatandikia maiti."

"Ndiyo, navalisha majeneza vitambaa," Mkasi alijibu. "Wateja wangu wametulia. Mpaka leo hakuna aliyenisingizia."

Benchi zima lilicheka. Hata Chiriku, ambaye shavu lake lilikuwa limeponea chupuchupu, alicheka kwa pua.

"Mwache apige, mjomba Mkasi," alisema. "Kofi la kwanza Afisa Ustawi ameliona. Alione na la pili, apate cha kuandika."

Huyo ndiye Chiriku, miaka kumi na mitano. Jina hilo alipewa akiwa mdogo kwa sababu ya kuongea: alikuwa akisimulia misumari, akisimulia mbao, akisimulia hata viti vilivyokuja kutengenezwa. Sasa neno lilimtoka kwa msimu, na likitoka lilikuja na mwiba. Pembeni mwa midomo alikuwa na ukurutu usiopona. Kucha zake zilikuwa zikibandua kitu kwenye viganja, kitu ambacho hakikuwepo.

Siku tano nyuma, yeye na wenzake wawili walivunja kwa nyundo mlango wa nyuma wa duka la vifaa vya ujenzi. Mlinzi alizinduka. Mmoja wao akarusha kopo la rangi, likampasua mlinzi kichwa, akashonwa nyuzi kumi na moja. Wenzake walitoweka. Chiriku alikutwa mtaa wa pili, amekaa ukingoni mwa barabara, makopo manne ya gundi mapajani, anacheka peke yake.

Kesho yake angefikishwa mbele ya hakimu. Hakimu angemsikiliza Afisa Ustawi, na Afisa Ustawi alikuwa anaandika leo. Arudi nyumbani chini ya uangalizi, au aende miaka mitatu shule ya kurekebisha tabia, ile yenye ukuta mrefu, ambayo watoto wa mjini husema mtu huingia mwanafunzi akatoka mwalimu.

Fundi Makochi alimtaka binti yake nyumbani. Tusimnyime haki yake: alimpenda. Alikuja na shati lililopigwa pasi na maneno aliyoyapanga tangu alfajiri. Ni ulimi wa Chiriku tu uliomtoa kwenye reli.

Mlango ukafunguliwa. Wakaitwa wote, baba, mama, binti na Mkasi.

Fundi alisimama kizingitini na kusema kwamba haingii chumba kimoja na mwizi.

"Basi baki nje," Afisa Ustawi alisema bila kuinua kichwa. "Tutaongea habari za mwanao bila wewe. Huyu ameitwa na binti. Nilimwuliza ni mtu mzima gani anayemfahamu. Hakunitajia baba wala mama. Alinitajia yeye."

Fundi akaingia.

Afisa alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Meza yake ilikuwa na mguu mmoja mfupi uliowekewa kadibodi iliyokunjwa. Fundi alikaa, mkono wake ukapita wenyewe chini ya kiti kama ilivyo desturi ya mafundi, ukakuta pini zimepigwa mshazari. Kazi ya hovyo, alijisemea, na hilo lilimpa nguvu. Mtu anayekalia kiti cha namna hii atamfundisha nini?

Akaanza maneno yake. Kwamba nyumba yake ni nyumba ya kazi. Kwamba mtoto huyu hakulelewa kijiweni, alilelewa karakanani, miguuni pa baba yake, na akiwa na miaka tisa tayari alijua kupaka gundi kuliko vijana waliolipwa. Kwamba aliharibiwa mwaka jana tu na binti wa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtoto asiye na kwao. Akamalizia kwa methali, maana alikuwa mtu wa methali.

"Samaki mkunje angali mbichi, mama. Mimi nilimkunja mapema."

Afisa aliandika. Halafu akamwuliza kama anafahamu kwamba droo ya duka lile ilikutwa wazi, na fedha za mauzo ya siku nzima zimo ndani, hazijaguswa.

Fundi hakufahamu.

"Mwizi aliyeacha fedha akabeba gundi," Afisa alisema. "Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na saba. Huyo huwa ni mgonjwa aliyeshika nyundo. Na ugonjwa wa namna hii hauanzi mwaka jana. Ulianza lini?"

Mama Chiriku alikohoa. Alikuwa mwanamke mnene, mpole kwa sura, na tangu waingie alikuwa akikunja na kukunjua pindo la mtandio wake. Alisema ni mwaka jana, kama alivyosema baba yake. Alisema haraka mno.

"Akiwa na miaka tisa," Mkasi alisema.

Afisa alimgeukia.

Mkasi hakuwa msemaji. Alieleza kama anavyokata kitambaa, mstari mmoja bila kurudi nyuma. Alimweleza Afisa namna kochi linavyotengenezwa. Sponji hupakwa gundi na mbao hupakwa gundi, kisha vyote huachwa mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole kisinase. Ndipo vinagandamizwa. Katika muda ule wa kusubiri, adui ni vumbi, maana chembe moja ikitua, kitambaa kitavimba pale pale na mteja atarudisha kochi. Kwa hiyo kila fundi hufanya nini? Hufunga madirisha.

"Sisi wakubwa tulikuwa tunapaka, tunafunga, tunatoka nje kuvuta hewa," alisema. "Yeye alibaki ndani. Mkono wake ulikuwa mdogo, ulifika kwenye pembe za fremu ambazo wetu haukufika. Fundi alimtengenezea na kiti chake, kifupi, karibu na ndoo."

"Kazi yoyote ina harufu yake," Fundi alisema. "Hata mwokaji ananuka mkate."

"Mkate haumfanyi mtoto aongee na ukuta."

Fundi aliinuka nusu. Akasema kwamba Mkasi aliiba makopo sita, na leo amekuja kumtupia mtoto wizi wake. Akasema mwongo hata akioga hatakati. Akasema mengi mengine ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

Mkasi alimngoja amalize.

"Makopo yalikuwa yanapungua, kweli. Ulinilaumu mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nabaki wa mwisho kufagia. Siku moja nilifungua chumba cha mabaki ya vitambaa nikamkuta. Ana miaka kumi na miwili, amejifunika gunia, kopo liko chini ya pua. Sikukwambia wewe. Nilimwambia mtu mwingine wa nyumba yako."

Na hapo, msomaji, pindo la mtandio liliacha kukunjwa.

Fundi aligeuka polepole. Alimtazama mke wake kama mtu anayetazama ukuta wa nyumba yake mwenyewe na kuuona una ufa.

"Mama Chiriku. Wewe?"

Mama Chiriku alikuwa analia, lakini sauti yake haikuwa na machozi. Alieleza kwamba alijua. Damu za puani alizifuta yeye, ule ukurutu aliupaka mafuta yeye, na majirani walipouliza alisema mtoto ana pumu. Ni yeye aliyempigia Mkasi magoti afunge mdomo. Hata siku ile Mkasi alipotolewa nje kwa kusukumwa mgongoni, yeye alikuwa dirishani, anatazama, ameuma kidole.

"Miaka mitatu," Fundi alisema. "Umelala kitanda kimoja na mimi miaka mitatu na jambo hilo. Umenifanya mjinga."

"Ningekwambia ufanye nini?" mkewe alisema. "Ungempiga mpaka achoke. Kisha ungempa brashi amalizie kazi."

Chiriku alicheka tena kwa pua. Hakuna aliyemfuata.

Afisa alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Aliwaambia waache kugombana, wamsaidie kuhesabu. Baada ya kumfukuza Mkasi, makopo yaliendelea kupungua au yaliacha?

Fundi alisema kwamba yaliacha. Kisha akasikia alichokisema. Yaliacha kwa sababu alihamishia makopo yote chumbani kwake, chini ya kitanda, akawa anapima gundi ya siku kila asubuhi kwa kikombe.

"Kwa hiyo nyumbani ikaadimika," Afisa alisema.

Ndipo akafungua faili. Alisoma bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Miezi miwili baada ya Mkasi kuondoka, Chiriku aliuza vitabu vyake vya shule. Muhula uliofuata, saa ya mwalimu ilipotea. Kisha redio ya jirani. Kisha alikutwa na wenzake wawili nyuma ya duka la fundi viatu, na fundi viatu hakupoteza kiatu hata kimoja, alipoteza gundi. Kisha kisu kidogo kwenye mkoba. Kisha nyundo, mlango na kichwa cha mlinzi.

"Mnasema marafiki wabaya walimfundisha gundi," alisema. "Mimi naona gundi ndiyo iliyomtafutia marafiki. Binti, nimekosea?"

Chiriku alitazama dari.

"Binti wa fundi cherehani hajawahi hata kunusa," alisema hatimaye. "Ananiogopa. Nilimpora begi."

Fundi alihisi kiti kile chenye pini za mshazari kinampungukia. Alikuwa amekuja na adui mmoja mfukoni, na sasa hata huyo hakuwepo. Akashika cha mwisho kilichobaki. Alisema kwamba yeye hakujua. Mke alijua, Mkasi alijua, na wote wawili walimficha. Baba aliyefichwa ana kosa gani? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na waliomficha wako hapa chumbani, wala yeye si mmoja wao. Alitaka hilo liandikwe. Baba hakujua.

Kalamu ya Afisa ilianza kutembea. Baba hakuju...

"Waambie ya maziwa," Chiriku alisema.

Hakuinua sauti. Alikuwa bado anatazama dari.

Fundi aliuliza maziwa gani, ingawa alijua.

Ilikuwa ni kisa chake cha kuchekesha. Alikisimulia kwenye harusi mbili na matanga mamoja. Kwamba siku moja, Chiriku akiwa na miaka kumi, kulikuwa na kazi kubwa ya viti vya jumba la sinema, karakana imefungwa gubigubi tangu asubuhi, na mchana mtoto akatoka nje anapepesuka kama mlevi wa miaka arobaini. Akamsalimia mbuzi kwa heshima zote. Akaliita kochi shangazi. Mafundi walicheka mpaka wakakaa chini. Na yeye, baba, akasema gundi imemlewesha fundi mdogo, akaagiza maziwa dukani, akamnywesha pakiti nzima.

Chiriku alikisimulia chote, neno kwa neno, kwa sauti ya baba yake, mpaka na kituo anachoweka kabla ya mbuzi. Hata Mkasi alitazama chini.

"Halafu?" Afisa aliuliza.

"Halafu akanirudisha kwenye kiti," Chiriku alisema. "Viti vilikuwa vinatakiwa jioni. Huwa hamalizii hapo akiwa harusini."

Afisa aligeuza kiti chake mpaka akamkabili Fundi.

"Mtoto aliyechoka hupewa maji," alisema. "Mwenye njaa hupewa chakula. Maziwa, fundi, watu humnywesha aliyekula sumu. Nani alikwambia umpe maziwa?"

Fundi Makochi alikuwa mtu mwenye jibu. Mtaani walisema ukibishana naye nenda na chakula. Alitafuta jibu sasa, akalikuta. Angeweza kusema kwamba mtoto ametunga. Mtoto mwizi, mvuta gundi, mpora mabegi, nani angeamini neno lake mbele ya fundi wa miaka thelathini? Afisa angefunga faili, na huenda lile neno lingemaliziwa: baba hakujua. Na Chiriku, akiwa mwongo juu ya yote, angeingia kwenye ukuta ule mrefu.

Alimtazama binti yake. Chiriku naye alikuwa ameacha dari na kumtazama. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu, na hayakumwomba chochote. Yalikuwa yakimngojea adanganye.

"Ni kweli," Fundi alisema. "Niliona amelewa. Nilimrudisha kazini. Andika."

Mama Chiriku aliacha kulia. Mkasi alijifuta uso kwa kiganja, kisha akatazama kiganja hicho kana kwamba kina maandishi.

Afisa alifuta neno alilolianza, akaandika mistari mitano, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Alimwambia wazi, bila huruma, maana yake ni nini: atamwandikia hakimu kwamba mtoto atibiwe kwanza, akae kwa shangazi yake mbali na karakana, na kwamba kosa la kumfanyisha kazi ile mtoto mdogo litamfuata baba mwenyewe, pengine mpaka kizimbani. Fundi alitia sahihi.

"Usidhani nimekusamehe," Chiriku alisema.

"Sijaomba."

"Vizuri."

Kwa watu wale wawili, siku ile, hayo yalikuwa mazungumzo ya upole.

Afisa alikuwa amekwisha kufunika kalamu yake. Akaifunua tena. Kulikuwa na swali moja la fomu, alisema, la kawaida tu. Nyumbani kuna mtoto mwingine?

Mama Chiriku alisema yupo mmoja, kitinda mimba, wa kiume, ana miaka minane.

"Na leo ni Jumanne. Yuko shule," Afisa alisema. Hakuwa akiuliza, alikuwa akiandika tayari. Kalamu ilifika katikati ya neno ikasimama, kwa sababu hakuna aliyeitikia.

Mama Chiriku alimgeukia mumewe. Yeye alitoka nyumbani giza halijaisha, kumpelekea Chiriku chakula kituo cha polisi.

"Baba Chiriku. Si ulisema utampitisha shule?"

Fundi alitazama saa ya ukutani. Saa tano na robo. Viti arobaini vya ukumbi wa mikutano vilitakiwa saa kumi jioni. Msaidizi wa mwisho aliacha kazi mwezi wa tatu na hakupatikana mwingine. Migongo ya viti ilikuwa na pembe nyembamba ambazo mkono wa mtu mzima haufiki. Alimwachia mwanawe mdogo kopo zima la gundi na brashi saa moja na nusu asubuhi, akamwambia ni leo tu.

Kiti kilianguka. Chiriku alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake haukuwa na dharau hata chembe. Ulikuwa uso wa mtoto.

"Baba, nani yuko naye?"

Fundi alifungua mdomo. Akasema ni kupaka tu. Akasema migongo tu, si viti vizima.

Mkasi alikuwa amefika mlangoni. "Tukimbie," alisema. "Na tupige simu kwa jirani amtoe nje. Sasa hivi."

"Jirani hawezi," Fundi alisema.

Mkono wake ulikuwa umeingia mfukoni na kukuta ufunguo. Alikuwa amefunga kwa nje, yeye mwenyewe, ili mtoto asitoke kwenda kucheza kabla hajamaliza.